Beji za dijitali maktabani: mwongozo kamili wa kuwafundisha vijana wa Lamu kwa mikono

Ukitembea kutoka Langoni hadi Mkomani, utapishana na vijana wengi wenye ujuzi ambao haujaandikwa popote. Huyu ameshinda Matondoni na babake wakikalafati dau kwa pamba na sifa, yaani mafuta ya papa. Yule anashona kofia ya vito, na kazi yake inagombewa. Mwengine anahariri video za harusi kwenye simu iliyopasuka kioo. Siku wakienda kuomba kazi huulizwa cheti, na cheti walicho nacho, kama kipo, ni cha Kidato cha Nne, ambacho hakitaji lolote kati ya hayo.

Maktaba inaweza kuliziba pengo hilo, tena pengine kwa wepesi kuliko shule. Haina mtihani wa kuukimbilia, haimrudishi mtu nyumbani kwa ajili ya karo, na humkalisha mwanafunzi wa sekondari na aliyeacha shule kwenye meza moja. Nimeuandika mwongozo huu kwa mkutubi, mwalimu wa kujitolea au kikundi cha vijana kinachotaka kutoka kwenye wazo na kufika kwenye beji ya kwanza iliyotolewa kwa haki. Nasema kwa haki kwa sababu kutoa beji ni rahisi, kazi ni kuifanya iaminiwe. Uzito wake wote unatokana na kazi iliyofanywa na mtu aliyeikagua.

Beji yenyewe ni kitu gani

Kwa macho ni picha ndogo tu. Lakini ndani ya faili ya picha hiyo mna maelezo: ni nani ameitoa, amepewa nani, alifanya nini hadi akaistahili, ilitolewa lini, na kiungo cha kwenda kuuona ushahidi. Mwajiri akiibofya kwenye simu yake anayaona yote. Hapo ndipo inapoachana na cheti cha karatasi, ambacho hukupa jina na muhuri, mengine ukayakisia mwenyewe.

Utaratibu huu unaitwa Open Badges. Mozilla, walewale wenye Firefox, waliutangaza mwaka 2011 wakisaidiwa na wakfu wa MacArthur wa Marekani. Tangu 2017 uko chini ya IMS Global, shirika ambalo mwaka 2022 lilibadili jina likawa 1EdTech. Kwa kuwa kanuni ni moja, beji iliyotolewa Lamu inasomeka kwenye programu yoyote inayoifuata, Nairobi au Oslo, wala haibaki mateka wa kampuni moja.

Maktaba ziliingia mapema katika jambo hili. Mwaka 2009 maktaba kuu ya Chicago, Harold Washington, ilifungua ukumbi wa vijana uitwao YOUmedia, wa kurekodi muziki, kupiga picha na kutengeneza michezo ya kompyuta. Mwaka 2013 jiji hilo likaendesha msimu mzima wa kujifunza wakati wa likizo, na maktaba, makumbusho na vikundi vya mitaani vikatoa beji. Vifaa vyao hatuna, wala si vya kuvionea wivu. Cha kuchukua ni mpangilio wao, uliojengwa juu ya utafiti wa Mizuko Ito na wenzake: kijana huachwa kwanza aje kukaa na wenziwe, kisha achezechezee vifaa, halafu akinogewa azame kabisa. Maktaba inayomwandikisha kijana kwenye beji siku ya kwanza aingiapo mlangoni imeruka mambo mawili ya mwanzo, na mara nyingi itampoteza.

Hatua ya kwanza: mtafute atakayeiheshimu beji

Wengi huanza na kuchora picha ya beji, kwa kuwa ndiyo kazi tamu. Iache. Toka maktabani uende kwa watu ambao siku moja watamwona kijana huyu mbele yao akiomba nafasi: mwenye boti za watalii, fundi wa milango, meneja wa nyumba ya wageni Shela, mwalimu wa sekondari msingi anayekusanya kazi za wanafunzi, fundi wa simu. Waulize swali moja: "Kijana akija kwako, ungependa umwone akifanya nini ndipo umpe nafasi?"

Usiulize wanataka kijana mwenye sifa gani. Ukiuliza hivyo utajibiwa bidii, uaminifu na nidhamu, na hakuna awezaye kuyakagua hayo kwa alasiri moja. Uliza afanye nini. Nahodha atakwambia anataka mtu ajuaye gati litakuwa na maji ya kutosha saa ngapi. Mwenye nyumba ya wageni atasema anataka mtu awezaye kupiga picha ya chumba chenye giza, chumba kikaonekana kilivyo. Yaandike maneno yao kama walivyoyasema. Hayo ndiyo yatakayogeuka kuwa vigezo.

Kabla ya kuondoka, muombe kila mmoja jambo la pili: kama atakubali kuja siku moja kukagua. Akikubali, umepata beji. Kazi isiyo na hata mtu mmoja wa nje anayeijali, kwa maoni yangu, isifanyiwe beji mwaka wa kwanza, hata vijana wakiipenda vipi. Waacheni waifanye kwa raha yao.

Hatua ya pili: chagua kazi chache, uzipime ardhini

Beji tatu zinatosha kwa kuanzia. Kila moja iwe na kitu cha kushikwa mkononi mwisho wa kazi, iweze kufanywa bila intaneti, na iwe na sababu ya kufanywa Lamu hasa. Kutengeneza taa ya betri ni kazi nzuri ya siku ya kwanza: betri bapa ya volti 3 aina ya CR2032, taa nyekundu ya LED na kipande cha tepu, basi taa inawaka, na anayekosea hujua palepale kwa sababu LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Kurekodi mazungumzo na mzee wa mtaa juu ya jahazi alizosafiria ni kazi nyingine, nayo inafundisha adabu ya kuuliza, kuomba ruhusa, kutunza faili na kuandika Kiamu, lahaja ya Lamu, kama kinavyosemwa bila kukinyoosha.

Ila ningeambiwa nichague moja tu, ningechagua kupima maji ya bahari. Mji huu unaishi kwa bamvua na maji mafu. Kila mvuvi anazijua siku za bamvua, za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, ambapo maji hupwa sana na kujaa sana, na zile za maji mafu, ambapo hupwa na kujaa kidogo. Ujuzi upo tayari, kinachokosekana ni kuuweka kwenye namba. Kazi inakwenda hivi.

Tafuta ufito ulionyooka wa mita 4. Upake rangi nyeupe, kisha vijana wauchore alama kila sentimita 5 kwa rangi nyeusi ya mafuta, wakiandika namba kila sentimita 20. Kwa ruhusa ya wenye gati, ufungwe kwenye nguzo, wima, mguu wake ukikaa chini ya mahali maji yanapopwa siku ya bamvua. Uwima unapimwa kwa uzi na jiwe, hakuna haja ya kifaa cha dukani. Kisha wawili wawili wanapokezana kusoma kimo kila nusu saa, tangu maji yalipopwa hadi yajae. Ni muda wa kama saa sita na robo, kwa hiyo kila mzunguko unatoa vipimo 13. Wapangie zamu ili asiwepo anayekosa chakula cha mchana wala sala. Mmoja anasoma, mwenzake anaandika, na wote wawili wanavaa majaketi ya kuelea hata kama wanajua kuogelea kama samaki. Hili halina mjadala.

Wakirudi maktabani wanachora mstari kwenye karatasi ya miraba. Hapo ndipo macho yao hufunguka. Wataona kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja: mwanzo na mwisho yanajivuta, na katika saa mbili za katikati yanapanda karibu nusu ya kimo chote. Manahodha hulijua hilo kwa mwili. Kijana aliyelichora kwa mkono wake hulijua kwa njia ya pili, na njia hizo mbili zikikutana hana wa kumdanganya tena juu ya saa ya kupitisha chombo kwenye mlango wa bahari. Wakirudia siku ya pili watagundua maji yamejaa baadaye kwa kama dakika 50, na wiki ya pili, yakiwa maji mafu, mstari wao utakuwa umelala.

Kisha wape jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, walinganishe. Lamu haitalingana nalo sawasawa, na kueleza kwa nini ni zoezi jingine. Taasisi ya utafiti wa bahari ya KMFRI nayo imekuwa ikisimamia vipimo vya kimo cha maji ya bahari Mombasa na Lamu, kwa hiyo kijana mwenye daftari lake ameshaingia katika kazi ambayo wanasayansi huifanya papa hapa mjini kwake. Mwambie hivyo, aijue thamani ya daftari analolishika.

Wanaotaka kuendelea wana daraja la pili: kihisi cha mwangwi, kile kidogo chenye macho mawili kiitwacho HC-SR04, kikiunganishwa na Arduino, kibao kidogo cha kielektroniki kinachoandikiwa programu. Kinafungwa juu ya gati kikitazama chini. Hutoa sauti isiyosikika na sikio, sauti ikagonga maji na kurudi, na programu ikagawanya muda huo kwa mbili na kuuzidisha kwa kasi ya sauti. Mifano mingi ya programu hutumia mita 343 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya sauti hewa ikiwa nyuzi 20. Gatini kwetu adhuhuri hewa ni nyuzi 30, na kasi ni karibu mita 349. Kwenye umbali wa mita 3 tofauti hiyo ni sentimita 5, yaani alama nzima ya ufito wetu. Usiwaambie mapema. Waache walinganishe kihisi na ufito, waone havipatani, wahangaike. Kijana atakayeipata sababu mwenyewe hataisahau. Tahadharini na chumvi pia: kihisi hiki hakikuundwa kwa upepo wa bahari, kwa hiyo kipelekwe gatini kwa kipimo na kurudishwa ndani siku hiyohiyo, kifutwe kwa kitambaa kikavu.

Hatua ya tatu: andika vigezo vinavyoonekana kwa macho

Kigezo kibovu husema "ameelewa maji kupwa na kujaa". Nani ataona kuelewa? Kigezo kizuri hutaja tendo na alama yake. Kwa beji ya Mpimaji Maji, daraja la kwanza, ningeandika hivi:

1. Ameuchora ufito, akaufunga wima, na anaweza kuonyesha sifuri yake iko wapi na kwa nini hapo.
2. Amesoma kimo kila nusu saa kwa mzunguko mmoja kamili, akaandika saa na kimo papo hapo, kwa kalamu, bila kufuta.
3. Amechora mstari wa vipimo vyake na kuonyesha ni wakati gani maji yalipanda upesi zaidi.
4. Ameonyesha katika daftari lake mwenyewe kipimo asichokiamini, na kueleza kilichokiharibu.

Cha nne ndicho ninachokitetea kuliko vyote. Daftari safi lisilo na kosa hata moja limenakiliwa, au limetungwa. Kijana anayeweza kunyoosha kidole na kusema "hapa sikuamini" ameshaanza kufikiri kama mpimaji.

Vigezo viwe vinne au vitano, viandikwe kwa Kiswahili na vibandikwe ukutani tangu siku ya kwanza. Asiwepo wa kukaguliwa kwa kitu ambacho hakukisoma. Usiweke kigezo cha mahudhurio. Kijana anayekaa na kuondoka hajapata ujuzi, na anayeupata kwa siku mbili hapaswi kungoja kumi.

Hatua ya nne: kusanya ushahidi bila kumuumiza mtu

Ushahidi mzuri ni mchache: picha mbili za kazi, kurasa za daftari zilizopigwa picha, na sauti ya kijana ya dakika mbili akieleza alichofanya. Sauti naipenda kuliko insha, kwa sababu wapo wenye akili pevu ambao kalamu inawatesa. Picha zikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na maelezo ya saa iliyopigwa hupotea. Zitumwe kama dokumenti, zifike zilivyo. Faili zipewe majina ya maana palepale, kama vile mpimaji-namba12-mstari, maana baada ya mwezi mtu hakumbuki picha ya tarehe ile ilikuwa ya nani. Tumia namba ya daftari badala ya jina la kijana.

Sasa lililo zito. Kiungo cha ushahidi kinaweza kufunguliwa na yeyote mwenye nacho, popote duniani. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Fomu iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ikieleza ni taarifa zipi zitahifadhiwa, wapi, na namna ya kuziondoa. Msimtume mtoto na fomu tu. Mwiteni mama au baba maktabani, au mkutubi apite nyumbani, abishe hodi, akae, aeleze. Wazazi wengi hawapendi sura za binti zao zizagae mitandaoni, na wana haki. Kwa hiyo kanuni iwe moja kwa wote, wavulana na wasichana: tunapiga picha mikono na kazi, hatupigi sura. Mikono ikichora alama kwenye ufito inathibitisha zaidi kuliko uso unaotabasamu kando yake.

Barua pepe nayo ina mitego, kwa sababu beji hufungamanishwa nayo. Anwani ya shule hufungwa kijana akimaliza, na anwani ya kaka si yake. Kijana mwenye umri unaoruhusiwa asaidiwe kufungua ya kwake na kuirejesha endapo atasahau nywila. Wadogo zaidi wapewe kadi ya karatasi, na beji ya dijitali ingoje. Maktaba isiandike nywila ya mtu kwenye daftari lolote.

Hatua ya tano: kukagua

Wakaguzi wawe wawili: fundi wa nje na mtu wa maktaba. Fundi anaijua kazi, wa maktaba anavijua vigezo. Ukimwacha fundi peke yake atampima kijana kwa kiwango chake cha miaka thelathini. Ukimwacha mkutubi peke yake anaweza kupitisha maneno matupu.

Kikao kisizidi robo saa kwa kijana, na kifanyike penye kazi, si ofisini. Mazungumzo yanaweza kwenda namna hii, nahodha akiwa na daftari mkononi:

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie hapa. Saa nne maji yamepanda, saa nne u nusu yameshuka, saa tano yamepanda tena. Bahari gani hiyo?"

"Saa nne ilikuwa imepita boti ya mwendo. Wimbi lilikuwa bado linacheza, nami nikasoma lilipokuwa juu."

"Sasa ukipelekwa tena utafanyaje?"

"Nitangoja litulie, nisome mara tatu, niandike cha katikati."

Hapo kigezo cha nne kimetimia, na hakuna mtihani wa karatasi ambao ungekitoa. Wa maktaba anaandika jibu kwa ufupi, wote wawili wanatia sahihi. Fundi asiyependa kuandika arekodiwe sauti.

Kijana ambaye hajafika asiambiwe ameshindwa. Aambiwe ni kigezo kipi kimebaki na tarehe ya kurudi, basi. Fundi naye alipwe posho yake, hata iwe ndogo. Mtu aliyeacha kazi yake alasiri nzima akikagua watoto wa wengine bila kitu atakuja mara mbili, ya tatu atakuwa na udhuru. Iwekeni posho hiyo kwenye bajeti kabla ya printa.

Hatua ya sita: kuitoa

Sasa mnaweza kuchora. Picha iwe mraba, faili ya PNG au SVG, nyepesi, isomeke ikiwa ndogo kama ukucha. Acheni vijana wachore. Nakshi za milango yetu zina mistari inayofaa sana kwa umbo dogo. Msitumie nembo ya kaunti, ya makumbusho wala ya shule bila ruhusa ya maandishi.

Programu ya kutolea: kama kaunti au chuo jirani kina Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, hiyo ina uwezo wa kutoa beji tangu 2013 na hamtalipa zaidi. Vinginevyo kuna huduma kama Open Badge Factory na ile iliyoanza kwa jina la Badgr, kisha ikaitwa Canvas Credentials. Someni masharti ya sehemu ya bure kabla hamjaanza, hasa idadi ya beji na kitakachotokea mkiacha kulipa. Mtoaji aandikwe kuwa ni maktaba, kwa barua pepe ya maktaba, asiwe mfanyakazi mmoja, maana mfanyakazi huhamishwa.

Kwenye maelezo wekeni vigezo vyote kwa Kiswahili na chini yake kwa Kiingereza, kwa ajili ya mwajiri wa mbali. Kisha mchapishie kijana kadi yenye jina la beji na msimbo wa QR. Kadi hiyo itaishi kwenye pochi yake na kuonyeshwa gatini, mahali ambapo hakuna anayefungua barua pepe.

Na wekeni daftari la karatasi, lenye jalada gumu: namba ya beji, mpokeaji, tarehe, wakaguzi, sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtandao si daftari. Mozilla wenyewe walilifunga begi lao la kuhifadhia beji mwaka 2019 na kuwahamishia watumiaji Badgr. Beji nyingi huhakikiwa kwa kuuliza tovuti ya aliyeitoa, kwa hiyo tovuti ikizima, uthibitisho nao unazima. Toleo jipya, la 3.0, linatumia sahihi ya kidijitali inayosafiri na beji yenyewe, na mkipata huduma yenye toleo hilo ichukueni. Hata hivyo, kila kijana apewe nakala ya faili zake kwenye flashi.

Umeme ukikatika au mtandao ukilala, kazi isisimame. Scratch, ya kujifunzia kuandika programu, inafanya kazi bila intaneti, Kolibri na Kiwix hubeba masomo na Wikipedia kwenye kompyuta moja ndogo, na beji zenyewe zinaweza kulundikwa zikatolewa siku mtandao una nguvu.

Ratiba, na jambo moja kuhusu tuzo

Panga saa kwa kufuata maisha ya mji. Alasiri wengi wako madrasa. Ramadhani kazi ziwe za kukaa, asubuhi. Wiki ya Maulidi msipange ukaguzi, ila kurekodi sauti na picha za mikono ya wapiga matari kunaweza kuwa beji nzima, kwa ruhusa ya wenyewe. Wekeni saa ambazo wasichana wako na mkufunzi wa kike, na zisiwe saa mbovu zilizobaki.

Kuhusu tuzo, kuna jaribio la mwaka 1973 la Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett ambalo kila mtoa beji anafaa kulijua. Waliwachukua watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Walioahidiwa mapema hati yenye muhuri wa dhahabu na utepe walipungukiwa na hamu ya kuchora baadaye, kuliko wale ambao hawakupewa kitu na wale waliopewa hati ileile bila kuitarajia. Hati ile ilikuwa beji, kwa jina jingine. Kwa hiyo msiitangaze beji kama chambo cha kuwavutia vijana. Waje kwa ajili ya ufito, betri na kinasa sauti. Beji itajwe pale kijana anapokuwa tayari ana kitu cha kuonyesha. Na msiweke orodha ya nani ana ngapi ukutani.

Beji inaishia wapi

Elezeni wazi kwamba beji ya maktaba haichukui nafasi ya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, wala cheti cha KNEC, baraza la mitihani. Inamfikisha mtu mlangoni. Kenya ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya mamlaka ya sifa za kitaifa, KNQA, na mtathmini katika utaratibu huo hutaka ushahidi wa kazi. Kijana mwenye faili la picha, daftari na maneno ya fundi ana pa kuanzia. Kwa walio shuleni, mtaala wa umilisi unataka wakusanye kazi zao kwenye mkoba, na mwalimu wa darasa atafurahi kupokea kadi yenye QR kuliko kuanza upya.

Baada ya miezi sita warudieni wale watu wa hatua ya kwanza. Waulizeni kama kuna kijana aliyewajia na kadi, kama waliibofya, na nini hawakukikuta humo walichokitaka. Majibu yao yatabadilisha vigezo. Mkivibadilisha, toeni toleo jipya lenye namba yake na muiache ya zamani na vigezo vyake vya zamani, maana aliyeipata aliipata kwa masharti yale. Ikithibitika kwamba kazi fulani haikuwa ya mwenye beji, huduma nyingi zina njia ya kuibatilisha na kuandika sababu. Kabla ya kufanya hivyo, kijana na mzazi wake waitwe, wasikilizwe, na wapewe nafasi ya kuifanya kazi ile upya mbele ya wakaguzi. Kisha matokeo, vyovyote yatakavyokuwa, yaandikwe kwenye daftari kwa tarehe na sahihi za waliokuwapo.